Ufundi Unaogawanywa: Habari za Chama Kimoja cha Kompyuta

Jioni ya tarehe 5 Machi 1975, watu wapatao 30 walikutana katika gereji ya Gordon French mjini Menlo Park, jimbo la California, Marekani. Wakati huo kompyuta zilikuwa mali ya mashirika makubwa, majeshi na vyuo vikuu. Hata hivyo, mwanzoni mwa mwaka ule ilikuwa imetangazwa Altair 8800, kompyuta iliyouzwa kwa vipande ili mnunuzi aiunde mwenyewe, na waliokusanyika walitaka kusaidiana kuielewa. Chama chao kiliitwa Homebrew Computer Club.

Miongoni mwao alikuwamo Steve Wozniak, kijana wa miaka 24 mwenye haya nyingi, aliyesanifu vikokotoo katika kampuni ya Hewlett-Packard. Alirudi nyumbani na karatasi iliyogawiwa pale, yenye maelezo ya mikroprosesa, yaani kile kipande kidogo cha silikoni kinachotekeleza amri za kompyuta. Kwa kuisoma aling'amua kwamba angeweza kuunda kompyuta yake mwenyewe.

Kazi aliyoifanya yastahili kuelezwa. Altair ilipewa amri kwa kupandisha na kushusha swichi, na majibu yake yalisomwa kwenye safu ya taa. Wozniak alichukua mikroprosesa ya 6502, iliyouzwa kwa dola 20 hivi, akaiunganisha na kibodi na televisheni. Programu ndogo ya baiti 256, iliyohifadhiwa ndani ya mashine, ndiyo iliyosoma herufi zilizochapwa. Aliipeleka mashine mkutanoni, akajibu maswali, akagawa nakala za michoro ya saketi zake bila malipo.

Rafiki yake, Steve Jobs, aliona kwamba wengi walikuwa na michoro lakini hawakuwa na wasaa wa kuunda. Kampuni ya Apple ikaanzishwa tarehe 1 Aprili 1976. Paul Terrell, mwenye duka la kompyuta aliyehudhuria mikutano ya chama, aliagiza mashine 50.

Si kila kilichogawiwa kiligawiwa kwa haki. Mnamo Februari 1976 Bill Gates aliwaandikia wapenda kompyuta barua ya wazi, akilalamika kwamba wengi wao walitumia programu yake ya BASIC bila kuilipia. Wozniak aligawa jasho lake. Hao waligawa jasho la mwenzao. Mwanafunzi asiyachanganye mambo haya mawili.

Huenda anayefunza zaidi ni Lee Felsenstein, aliyeongoza mikutano. Kwanza kila aliyetaka alisimama akaeleza ana nini na anahitaji nini; kisha utaratibu uliachwa, kila mtu akamtafuta aliyemhitaji. Kazi hiyo haikuwa na mshahara, lakini ilimwezesha Felsenstein kujua nani anaweza nini, naye akajulikana na wote. Adam Osborne, aliyekuwa akiuza vitabu vyake katika mikutano hiyo, ndiye aliyemkabidhi usanifu wa Osborne 1, kompyuta ya kubebeka yenye uzito wa kilo 11 hivi, iliyotolewa mwaka 1981 kwa bei ya dola 1,795.