Mfadhili Akiondoka, Nani Atafungua Maktaba?

SOMO LA KIKUNDI



Tukikutana, mara nyingi tunauliza: "Mfadhili atatupa nini?" Leo tujifunze swali lingine: "Akishatoa, sisi tutafanya nini?" Mfano wetu ni maktaba ya chuo kikuu.

Jengo peke yake si maktaba

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilijengewa maktaba mpya kwa msaada wa serikali ya China. Ilizinduliwa Novemba 2018. Ina nafasi ya vitabu 800,000, na watu 2,100 wanaweza kusoma kwa wakati mmoja. Huo ni msaada mkubwa sana.

Lakini bili ya umeme huja kila mwezi. Vitabu huchakaa, kompyuta huharibika, na mkutubi anataka mshahara wake. Mfadhili hukaa kwa muda tu. Gharama hizi hubaki kwa mwenye nyumba.

Misaada ya aina tatu

1. Vitu. Haya ni majengo, kompyuta na vitabu. Mpokeaji lazima aseme anachohitaji. Kitabu cha kulima ngano ya nchi za baridi kitamsaidiaje mkulima wa ndengu?

2. Njia ya kufikia elimu. Mwaka 2003 shirika la FAO la Umoja wa Mataifa lilianzisha mpango wa AGORA. Vyuo vya nchi zenye uwezo mdogo husoma majarida ya kilimo kwa kompyuta, bure au kwa bei ndogo. Bila mpango kama huo, bei yake ingewashinda.

3. Ujuzi. Mkutubi aliyefundishwa vizuri huwafundisha wengine. Msaada huu hauliwi na mchwa.

Inatuhusu nini sisi wa Mwingi?

Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, Kitui, na kina tawi hapa Mwingi. Kilipewa hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2013. Chanzo chake ni Ukambani Agricultural Institute, chuo kilichoanzishwa kwa harambee. Basi wafadhili wa kwanza walikuwa wananchi wenyewe!

Mkulima halazimiki kusoma majarida ya Kiingereza. Mwalimu au mwanafunzi wa chuo anaweza kuyasoma na kutuletea habari kwa lugha yetu: wadudu wa ndengu, mbegu zinazovumilia ukame, magonjwa ya mbuzi. Lakini asipoulizwa, atajuaje shida yetu? Kikundi kiandike barua na kupeleka swali lake.

Tunajua jambo hili kwa mwethya. Tukijenga bwawa la mchanga, mfadhili huleta simiti, nasi tunaleta mawe, maji na nguvu za mikono. Baada ya mafuriko, anayekwenda kuangalia ukuta kama umepasuka ni sisi, si yeye. Maktaba nayo ni hivyo hivyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji naye awe na jembe mkononi.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni msaada gani tuliopata zamani ambao leo haufanyi kazi? Kwa nini?
2. Kabla ya kupokea msaada mwingine, nani atalipa matengenezo, na kwa pesa gani?
3. Ni swali gani moja la kilimo au mifugo tungependa chuo kitujibu? Katibu aliandike kabla hatujaachana leo.