Binti Asiye na Mlango wa Kubisha

Msichana anapotoka kwao kwenda mbali, wazazi humwuliza: "Utafikia kwa nani?" Swali hilo ni la busara, maana binti asiye na watu wa kumpokea huwa windo jepesi la waovu. Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za mabinti wa Kiyahudi ambao chuki iliwanyima jibu la swali hilo.

Zaidi ya miaka mia iliyopita, Wayahudi wa Urusi walizuiwa na sheria kukaa watakako, na mara kwa mara makundi ya watu yaliwavamia. Mwaka 1903, katika mji wa Kishinev, waliuawa karibu 50. Umaskini na hofu vikawatoa wengi makwao. Ndipo walipojitokeza wadanganyifu, wakiwaahidi wasichana kazi nzuri ng'ambo, au wakifunga nao ndoa za hila. Na binti alipofika Argentina au kwingineko, aliuzwa katika nyumba za ukahaba.

Bibi Bertha Pappenheim, Myahudi mcha Mungu wa Frankfurt, Ujerumani, aliyasema hayo hadharani. Baadhi ya wakuu wa Kiyahudi wakamtaka anyamaze, wakiogopa kwamba adui wangeyatumia maneno yake kulitukana taifa zima. Hofu yao haikuwa bure. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Tazameni basi uovu wa chuki: kwanza humtoa binti kwao, kisha huwafunga midomo wale wawezao kumtetea.

Yeye hakunyamaza. Mwaka 1904 alianzisha Umoja wa Wanawake wa Kiyahudi, ambao baadaye ulikuwa na wanachama wapatao 50,000. Walikwenda kwenye vituo vya gari la moshi kuwapokea wasichana wageni. Mwaka 1907 alifungua nyumba huko Neu-Isenburg kwa ajili ya wasichana walio hatarini na wale waliozaa bila ndoa. Humo walijifunza kazi, wakalea watoto wao, wakashika Sabato na sikukuu zao. Hawakupewa paa tu; walipewa jamaa.

Bibi huyo alifariki mwaka 1936. Mwezi Novemba 1938 wafuasi wa Hitler waliichoma moto nyumba hiyo, na mwaka 1942 ikafungwa kabisa, waliosalia wakapelekwa makambini.

Yatupasa kukiri kwa huzuni kwamba wengi waliotenda hayo, na wengi zaidi waliotazama kimya, walikuwa watu waliobatizwa. Ndiyo sababu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake Nostra Aetate la mwaka 1965, ulisikitikia kila chuki dhidi ya Wayahudi, ukakataza kuwatwika Wayahudi wote lawama ya mateso ya Kristu. Hata leo, huko Ulaya na Marekani, wako wasichana waifichao nyota ya Daudi shingoni mwao kwa kuogopa matusi ya njiani.

Enyi wazazi, mtoto akileta nyumbani neno la dharau juu ya Wayahudi, msicheke wala msinyamaze. Mwonyeni kwa upole, mkamkumbushe kwamba Mama wa Bwana wetu alikuwa binti wa Kiyahudi, naye usiku ule wa Bethlehemu alikosa nafasi katika nyumba ya wageni. Tusiwe sisi wa kufunga mlango mara ya pili.