Waridi Likibadilika Rangi: Tuchunguze Kabla ya Kutuhumu

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Maswahaba zake.

Somo letu la mwaka huu linahusu ua linalojulikana katika kila nyumba ya pwani, nalo ni waridi. Jina lake limetoka katika neno la Kiarabu, ward, na Qur'an imelitaja katika Surat Rahman aya ya 37, inapoeleza wekundu wa mbingu zitakapopasuka Siku ya Kiyama. Maji yake ndiyo tunayonyunyiziwa kwa mrashi katika maulidi na harusi. Kule Oman, katika milima ya Jabal Akhdar, mawaridi huchumwa kati ya Machi na Mei, yakapikwa ili kutoa maji ya waridi. Hapa kwetu Mabawa wengi tunapanda mwaridi mmoja au miwili karibu na baraza, ardhini au ndani ya debe lililotobolewa.

Hata hivyo, mwaridi una jambo moja linaloleta maneno. Mtu hununua mche wenye ua jekundu, ukakaa mwaka mmoja au miwili, kisha ukaanza kutoa maua madogo meupe. Wapo watakaosema muuzaji ni tapeli. Wapo watakaosema ni jicho la jirani aliyekuwa akilisifia. Watu waliokuwa wakisalimiana na kupelekeana futari wakanuniana kwa sababu ya ua. Katika somo hili tutaonyesha, insha Allah, kwamba jibu kwa kawaida limo katika mti wenyewe, na kwamba kulitafuta ni sehemu ya adabu ya Muislamu.

1. Mti mmoja, asili mbili

Miwaridi mingi inayouzwa ni mimea miwili iliyounganishwa. Wenye mashamba ya michungwa Muheza wanaifahamu kazi hii. Jicho la mchungwa hubebeshwa juu ya mche wa jamii ya mlimau. Chini panakuwa na mizizi imara, na juu panatoka machungwa matamu. Mwaridi nao hufanywa hivyo hivyo. Chini huwekwa shina la waridi la porini lenye nguvu, na juu hubebeshwa kikonyo cha waridi zuri la bustani. Mahali palipounganishwa huonekana kama kifundo karibu na udongo. Ikiwa mwaridi ulioteshwa kwa kuchomeka kipande cha tawi ardhini, hautakuwa na kifundo hicho, kwani ni mmea mmoja tangu mzizi hadi ua.

2. Sababu za mabadiliko

(a) Shina la chini kuchipua. Hii ndiyo sababu kubwa ya waridi jekundu "kugeuka" jeupe. Chipukizi limetoka chini ya kifundo, nalo ni la lile waridi la porini. Kwa kuwa lina nguvu zaidi, linanyang'anya chakula mpaka sehemu ya juu inadhoofika na hata kufa. Aina moja inayotumika sana duniani kama shina la chini ni Rosa multiflora, ambayo asili yake ni Japani, Korea na China, na maua yake ni madogo, meupe, yenye kukaa kwa vichala. Kwa hiyo ua jekundu halikubadilika, bali limezidiwa na ndugu yake wa chini. Dawa yake ni kufukua udongo taratibu hadi pale chipukizi linapoanzia na kulinyofoa kabisa. Ukilikata juu juu litarudi likiwa mengi.

(b) Tawi moja la juu kubadilika. Mara chache hutokea chembe hai za tawi moja zikabadilika zenyewe, na tawi hilo likatoa maua ya rangi nyingine ilhali matawi mengine yamebaki kama zamani. Waridi maarufu liitwalo Peace, la manjano lenye kingo za pinki, lilizalishwa Ufaransa na Francis Meilland na kuingia sokoni Marekani mwaka 1945. Baadaye tawi la waridi hilo lilibadilika huko Chicago na kutoa maua yenye pinki iliyokolea zaidi. Likaoteshwa peke yake na kuuzwa kuanzia mwaka 1962 kwa jina la Chicago Peace. Badiliko la namna hii si ugonjwa. Ukilipenda, chukua kipande cha tawi hilo ukioteshe. Usipolipenda, likate.

(c) Joto. Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, rangi nyekundu na ya pinki hufifia na maua huwa madogo, kwa sababu joto kali huzuia mmea kutengeneza rangi ya kutosha. Kipupwe kikiingia, Juni hadi Agosti, rangi hukolea tena. Vivyo hivyo mche ulioletwa kutoka Lushoto, mji ulio takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hauwezi kutoa ua lile lile ukishateremshwa hadi Tanga mjini. Dalili ya joto ni kwamba mti mzima hubadilika kwa pamoja.

(d) Umri wa ua. Zipo aina ambazo ua lake hufunguka likiwa na rangi moja na kufa likiwa na nyingine. Aina iitwayo Mutabilis huanza na manjano, ikaingia pinki, kisha ikawa nyekundu iliyoiva.

(e) Mvua na wadudu. Wakati wa masika matumba mengine hukataa kufunguka. Petali za nje hulowa, zikashikamana na kuwa za kahawia. Pia wapo wadudu wadogo mno waitwao thiripi, ambao hunyonya petali na kuacha kingo zilizoungua. Kata matumba yaliyoharibika uyatupe mbali, na mwagilia shinani, si juu ya maua.

Wengine hudhani kwamba udongo au maji ya kisima yamegeuza waridi jekundu kuwa jeupe. Udongo mbaya hudhoofisha mti na kupunguza maua. Udongo wenye chokaa nyingi, kama ulivyo sehemu nyingi za pwani, huweza pia kufanya majani yawe ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Lakini haugeuzi aina moja ya waridi kuwa nyingine. Hapo mti unahitaji samadi iliyooza vizuri na matandazo.

3. Maswali matatu ya kujiuliza

Kwanza: umebadilika mti mzima au tawi moja? Ukiwa mzima kwa pamoja, fikiria joto au afya ya mti.
Pili: tawi lililobadilika linaanzia juu au chini ya kifundo? Fukua uone kwa macho yako.
Tatu: limeanza msimu gani? Linganisha kaskazi, masika na kipupwe kabla ya kutoa hukumu.

4. Mafunzo kwa Muislamu

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kisa cha bedui aliyemjia Mtume (s.a.w.) akieleza kwamba mkewe amejifungua mtoto mweusi, na moyoni alikuwa na shaka. Mtume (s.a.w.) hakumkaripia. Alimuuliza habari za ngamia wake na rangi zao, naye akasema ni wekundu. Akamuuliza kama miongoni mwao yumo wa rangi ya kijivu, akakiri kuwa yumo. Akamuuliza rangi hiyo imetoka wapi, na bedui mwenyewe akajibu kuwa huenda imevutwa na asili ya nyuma. Mtume (s.a.w.) akamfahamisha kwamba huenda mtoto wake naye ni hivyo hivyo, wala hakumruhusu kumkana. Neno la Kiarabu lililotumika hapo ni 'irq, yaani mshipa au mzizi.

Tuzingatie, ndugu wanafunzi. Heshima ya mke na nasaba ya mtoto zilikuwa hatarini kwa sababu ya rangi tu, na zikahifadhiwa kwa mtu kurudishwa kwenye jambo alilokuwa akiliona kila siku katika mifugo yake.

Hatukanushi kuwepo kwa husuda, kwani Surat Falaq inatufundisha kujikinga nayo kwa Allah (s.w.). Lakini kumtaja fulani bin fulani kuwa ndiye aliyeharibu waridi lako, bila ushahidi, ni dhana iliyokatazwa katika Surat Hujurat aya ya 12, na aya ya 6 ya sura hiyo inatuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Muuzaji naye ana wajibu wake. Ikiwa mche umebebeshwa, amweleze mnunuzi na amwonyeshe kifundo, ili biashara yao iwe ya uwazi na yenye baraka.

5. Zoezi

1. Eleza tofauti kati ya chipukizi la chini ya kifundo na tawi la juu lililobadilika.
2. Kwa nini mwaridi ulioteshwa kwa kipande cha tawi hauwezi kupatwa na sababu (a)?
3. Mwaridi wa jirani umefifia rangi mti mzima mwezi wa Februari. Utamshauri nini?
4. Taja mambo mawili tunayojifunza katika kisa cha bedui na ngamia wake.
5. Ukiwa na mzazi wako, tafuteni kifundo katika mwaridi wa nyumbani au wa jirani, kwa idhini yake, na mchore mlichokiona.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuzidishie elimu yenye manufaa na atuepushe na dhana mbaya baina yetu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.