Kutoka Benki Hadi Kaunta: Mafunzo Niliyopata Dukani

Wengi wanaoacha kazi za ofisini hapa Dar es Salaam hufungua duka, na sababu yake iko wazi. Kila mtu ameshanunua dukani, ameshamwona mwenye duka akipanga noti jioni, na ameshajiambia moyoni kwamba hata yeye kazi hiyo anaiweza. Mimi nilikuwa afisa mikopo. Miaka yote niliyokalia kiti kile niliwaelekeza wenye maduka namna ya kuendesha biashara zao, kisha nikaenda kuendesha ya kwangu: duka la vyakula na vifaa vya nyumbani kandokando ya Barabara ya Morogoro. Haya ndiyo niliyoyapata. Sikuyapanga kwa uzito wake.

1. Piga hesabu ya mafao kabla ya kuandika barua

Mtu akianza kuwaza kuacha kazi, hesabu ya kwanza inayomjia ni kwamba mafao yake ya NSSF yatakuwa mtaji. Hayatakuwa. Tangu mageuzi ya mifuko ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2018, fao la kujitoa tulilolizoea halipo, na fao la kukosa ajira si la mtu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Michango yako ipo, asilimia 20 ya mshahara kila mwezi ukijumlisha ya kwako na ya mwajiri, lakini imewekewa uzee wako, haikuwekewa rafu za duka.

Kuna na mkopo wa mshahara. Hapo nazungumza kama mtu aliyekaa upande wa pili wa meza: mshahara ukiacha kupita kwenye akaunti, mkopo wenyewe hauachi, na stahiki zako za mwisho ndizo zitakazotazamwa kwanza. Sheria ya kazi inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Siku hizo hazitoshi kuanza kutafuta mtaji. Mtaji uwe umeshakaa mahali, na pembeni yake iwepo fedha ya chakula cha nyumbani ya nusu mwaka, ambayo duka halitaigusa hata likilia.

2. Cheo hubaki getini

Nilipokuwa benki, wateja walinipigia simu kila sikukuu. Nilipoondoka, simu zile zilihamia kwa aliyerithi kiti. Sikuwalaumu, maana walikuwa wanakipigia kiti. Dukani niliitwa Mangi tangu wiki ya kwanza, ingawa mimi si Mchaga na Moshi nimepita tu, kwa sababu mjini hapa mwenye duka ni Mangi. Ukiumia kuitwa hivyo na mtoto aliyetumwa kiberiti, bado hujaacha kazi.

3. Tazama watu wanarudi nyumbani kwa upande gani

Asubuhi mtu anawahi gari. Ukibahatika atanunua maji na vocha. Fedha ya duka kama langu ni ya jioni: mkate, maziwa, sukari robo, mafuta ya kupima, sabuni. Kwa hiyo fremu yenye thamani ni ile iliyo upande ambao daladala inamshusha abiria akitoka mjini. Zamani tofauti haikuwa kubwa sana, mtu aliweza kuvuka. Lakini barabara yetu kuanzia Kimara kwenda Kibaha imepanuliwa kuwa njia nane, na mama aliyetoka kazini na mtoto mgongoni havuki njia nane kwa ajili ya nyanya za kopo. Duka lililo ng'ambo, hata likiwa na bei nafuu, kwake ni kama liko mkoa mwingine.

Barabara hiyohiyo ina somo la pili. Mwaka 2017 ilipita bomoabomoa kwenye hifadhi ya barabara kuanzia Kimara hadi Kiluvya, na fremu za biashara zilikuwamo. Kabla ya kulipa, ulizia serikali ya mtaa na TANROADS mpaka wa hifadhi unaishia wapi. Dalali hatakwambia. Dalali atakwambia fremu inagombewa, kwa sababu kila fremu inagombewa. Yeye atataka kodi ya mwezi mmoja iwe yake, mwenye nyumba atataka ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na ukienda Kariakoo utakutana na kilemba, malipo ya kuachiwa fremu, juu ya hayo yote.

Simama mbele ya fremu hiyo kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, siku ya kazi na siku ya Jumapili. Usihesabu wapita njia wote. Waliobeba mifuko wameshanunua huko walikotoka. Wahesabu wanaoshuka mikono mitupu.

4. Faida hupatikana siku ya kununua

Bei ya kuuzia hupangi wewe. Imeshapangwa na duka la jirani, na mteja anaijua kuliko unavyoijua. Ulicho na uwezo nacho ni bei ya kununulia, na hapo ndipo mtu wa ofisini anapochelewa kuzoea, kwa maana ameshazoea kuona bei iliyoandikwa kuwa ndiyo bei. Kariakoo bei ni mazungumzo. Inategemea umefika saa ngapi, unachukua katoni ngapi, unalipa taslimu au unaomba wiki mbili, na kama muuzaji anakujua kwa sura. Usafiri nao ni sehemu ya bei: tukichanga wenye maduka watatu na kujaza kirikuu moja, kila katoni inashuka gharama kuliko kila mtu akikodi yake nusu tupu.

Sukari ilinifundisha zaidi ya kitu kingine. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilikwamisha uzalishaji viwandani, sukari ikaadimika, na Januari ile Serikali ikatangaza bei elekezi ya rejareja kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo kulingana na eneo. Kwa bei ya jumla iliyokuwa inapatikana mitaani, kuiuza kwa bei hiyo ilikuwa hasara, na kuiuza kwa bei nyingine ilikuwa kesi. Wapo walioificha stoo. Mimi niliacha kuiagiza hadi hali itulie, na ndipo nilipoona jambo ambalo vitabu vyangu vya benki havikuwa nalo: mauzo ya majani ya chai yalianguka, ya mkate yakaanguka, ya siagi pia. Sukari haina faida ya maana hata katika miaka ya neema. Kazi yake ni kumvuta mteja aingie. Tangu hapo sipimi bidhaa kwa faida yake peke yake, naangalia inaingia na nani.

5. Fedha ya droo si yako

Hili ndilo gumu kuliko yote kwa mtu aliyelelewa na mshahara. Mshahara ukiingia umeshakatwa kodi, umeshakatwa NSSF, uliobaki ni wako mpaka senti ya mwisho. Mauzo yakiingia hayajakatwa kitu. Tuseme leo umeuza laki tano, na faida yako ni shilingi kumi katika kila mia ya mauzo. Laki nne na nusu ni ya mzigo unaotakiwa kurudi rafuni. Katika elfu hamsini iliyobaki mna kodi ya fremu, LUKU ya majokofu, mshahara wa kijana wa dukani, kodi ya TRA, leseni, ulinzi na taka. Chako kimejikunja humo chini kabisa, na mara nyingine hakimo. Lakini macho yanaona laki tano.

Nilijiwekea mshahara, mdogo kuliko wa karani wa benki, unaoingia kwenye simu yangu tarehe ileile kila mwezi kama mfanyakazi mwingine yeyote. Ada ya shule, mchango wa harusi na rambirambi vinatoka kwenye simu hiyo. Ndugu walinuna mwanzoni, kwa sababu wanapita wanaona duka limejaa. Nikawaambia: duka haliendi msibani, ninakwenda mimi.

Ukidhani hili ni tatizo la wadogo, tazama supamaketi kubwa zilizotoka Kenya. Uchumi ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015. Nakumatt, iliyokuwa imechukua maduka ya Shoprite hapa nchini mwaka 2014, iliwekwa na mahakama ya Kenya chini ya msimamizi Januari 2018, ikiwa imezongwa na madeni ya wazabuni na ya wenye majengo, na rafu zake zimeshakauka. Biashara hizo zilikuwa zikipokea taslimu kila siku iendayo kwa Mungu. Mteja alilipa leo, mzabuni akasubiri miezi. Fedha ya mzabuni ikishageuzwa tawi jipya, hairudi kuwa unga.

6. Chuma ulete ana jina

Kila mwenye duka atakuhadithia chuma ulete. Fedha inayeyuka droo ikiwa imefungwa. Alikuja mteja wa ajabu na noti moja, noti ile ikazivuta nyingine. Nimeshauriwa ndimu, nimeshauriwa chumvi ya mawe, nimeshauriwa mambo ambayo sitayaandika. Sigombani na imani ya mtu. Ninachosema ni kwamba tangu tulipoanza kuhesabu mali kila Jumapili usiku baada ya kufunga, chuma ulete amekuwa mgeni wa nadra.

Chukua mfuko wa sukari wa kilo 50. Kwenye karatasi una robo 200. Kijana wangu wa kwanza alikuwa mkarimu: mizani ikitulia kwenye robo, anaongeza kijiko kidogo cha kumfurahisha mteja, na mteja kweli anafurahi. Mfuko ukawa unaishia kwenye robo 190. Hizo kumi zilizopotea ndizo zilizokuwa faida ya mfuko, na hakuna aliyeiba. Mafuta ya kupima ni vilevile: dumu la lita 20 halitoi lita 20 ikiwa faneli inavuja na kipimo kimejikunja mdomo. Halafu kuna chenji. Ukikosa sarafu unatoa pipi, pipi hazikuandikwa popote, na mwisho wa wiki pakiti nzima imekwenda kama chenji bila kuwa mauzo wala zawadi.

Bidhaa unayoinunua 9,000 na kuiuza 10,000 ikipotea moja, unatakiwa kuuza tisa ili urudi pale ulipokuwa jana. Ndiyo maana wahenga wakasema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari langu lina safu nne tu: iliyokuwepo, iliyoingia, iliyouzwa, iliyopo. Safu ya mwisho inajazwa kwa kugusa bidhaa kwa mkono, haijazwi kwa kukisia ukiwa umekaa. Tarehe za kwisha muda tunaziangalia humohumo, za karibu zinasogezwa mbele, kabla watu wa TBS hawajaziona wao.

Na malipo ya lipa namba: meseji isomwe kwenye simu ya duka. Ya kwenye simu ya mteja, hata ionekane safi namna gani, si malipo.

7. Mkopo wa kaunta

Benki nilikuwa na fomu, dhamana na mdhamini. Dukani kuna "nitakuletea jioni." Anayekopa na kushindwa kulipa anakupotezea mara mbili, kwa sababu akishaanza kukukwepa anapita mtaa wa nyuma na kwenda kununua kwa taslimu kwa mwingine. Sikatai mikopo yote. Mtaa una watu wake, na mama lishe anayechukua unga asubuhi na kulipa mchana ni mteja kuliko wengi wenye magari. Ila kila mmoja ana kiwango chake kilichoandikwa, na mwenye duka mwenyewe habadilishi kiwango akiwa amesimama mbele ya mkopaji. Anakibadilisha usiku, akiwa na daftari.

8. Nenda TRA kabla hawajaja

Nimesikia hofu nyingi kuhusu kodi kutoka kwa watu ambao hawajawahi kuingia ofisi ya TRA. Muuzaji binafsi ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 100 yuko kwenye kodi ya makadirio, yenye hesabu nyepesi. Kiwango cha kulazimika kusajiliwa VAT kilipandishwa hadi milioni 200 mwaka 2023. Ni vitu vya kuulizwa na kujibiwa asubuhi moja. Dai risiti ya EFD kila unapochukua mzigo, kwa sababu siku ya kukaguliwa, gharama isiyo na risiti haina wa kuitetea.

Kodi inakugusa hata usipodaiwa wewe. Wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka Mei 2023 na tena Juni 2024 wakilalamikia mambo hayohayo ya kodi, na sisi wa pembezoni tukabaki na kilichokuwa stoo. Weka akiba ya mzigo unaotoka haraka. Ya wiki moja inatosha. Zaidi ya hapo ni fedha iliyolala.

9. Saa nne usiku

Ofisini nilikuwa na likizo, nilikuwa na Jumamosi. Duka linafungwa saa nne usiku, na Iddi na Krismasi ndizo siku za kuuza. Mwenzi wako alijue hilo kabla ya kulijua wewe, maana ndiye atakayekula chakula cha usiku peke yake. Sisi tulilizungumza mapema na bado lilituchoma.

Kama barua yako ya kuacha kazi imeshaandikwa, iache kwenye kompyuta kwa mwezi mmoja. Tafuta duka la ndugu au la rafiki, omba ukae kaunta kila Jumamosi na Jumapili tangu kufungua hadi kufunga, bila kulipwa, na mwisho wa mwezi omba uwe wewe wa kuhesabu mali. Ukimaliza hesabu hiyo na bado unalitaka duka, weka tarehe kwenye barua uipeleke.