Wanapolitaja Jina Lako Kwenye Kamati

Mkutano wa wazazi unakaribia kwisha, watu wameshaanza kutazama njia ya nyumbani, ndipo mtu mmoja kule nyuma anatamka jina lako: uingie kwenye kamati. Hapa Eringeti jambo hilo linaweza kumpata yeyote. Leo ni COPA, kamati ya wazazi wa shule. Kesho ni CODESA ya kituo cha afya, kamati ya chemchemi, MUSO, yaani kikundi cha akiba na kusaidiana, ya akina mama, au baraza la usimamizi la shirika lisilo la faida, hizi ASBL zinazohudumia yatima na waliokimbia vita. Mshahara hakuna. Wengi hujibu palepale: "Mimi sina muda, shamba la kakao linaningoja."

Namwandikia yule anayetaka kufikiri kwanza kabla ya kujibu hivyo. Naamini nafasi hiyo humfaa anayeikalia karibu sawa na inavyowafaa waliomtuma, ila kwa sharti moja: aikalie macho wazi.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Mjumbe wa baraza hagawi unga wala hachomi sindano. Kazi yake ni kuamua pamoja na wenzake pesa zitumike wapi, kufuatilia kama zimetumika huko, na kusimama mbele ya wanachama kueleza. Kwa ASBL, sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo msingi. Inakataza shirika kuwatafutia wanachama wake faida ya mali, na hadhi kamili ya kisheria hutolewa na Waziri wa Sheria, kwa katiba iliyopitishwa kwa notari. Usichanganye na kooperativa ya kakao. Kule wanachama wanaweza kugawana ziada inayopatikana. Kwenye ASBL ziada inarudi kwenye kazi, hata ikiwa ndogo namna gani.

Sasa, unapata nini? Mimi naweka mbele elimu ya pesa isiyo yako, kwa sababu wengi wetu hatukufundishwa popote. Chukua MUSO. Ina masanduku matatu: la kijani la akiba na mikopo, jekundu la kusaidiana mtu akifiwa au akiugua, na la buluu la pesa zinazotoka nje ya kikundi. Anayelinda masanduku hayo hujifunza upesi kwamba pesa ya jekundu haiwezi kukopeshwa kwa sababu tu la kijani limekauka. Halafu kuna jambo la sarafu. Kwetu mmoja analeta dola, mwingine franka. Kasie, yaani mtunza pesa, akiwa mzuri huandika kila moja katika safu yake, pamoja na kiwango cha kubadilisha cha siku ile. Asipokiandika, baada ya miezi mitatu hesabu inakataa, na watu wanaanza kunong'ona kwamba amekula, hata kama hakugusa senti. Mama anayeuza mawese sokoni, akishika daftari la namna hiyo kwa miaka miwili, huanza kutenganisha pesa ya biashara na pesa ya sombe ya nyumbani. Hakuna semina ya siku tatu itakayompa mazoea hayo.

Kijana mwenye diploma ya Serikali na asiye na kazi ananufaika kwa njia nyingine. Ukiwa mwandishi wa kamati unajifunza kuandika muhtasari wa mkutano unaoeleweka: nani alikuwepo, nini kiliamuliwa, nani atafanya, kabla ya tarehe gani. Unajua mlango wa mkuu wa grupma, wa muuguzi mkuu wa kituo, wa mwalimu mkuu, wa ofisi za Oicha, na wao wanakujua. Siwezi kumwahidi mtu ajira kwa sababu hiyo. Lakini siku ukiulizwa umewahi kufanya nini, utakuwa na jibu, na watu watakaolithibitisha.

Kuna pia heshima, na siyo ile ya kiti cha mbele. Tukumbuke Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, na iliua watu zaidi ya 2,200, wengi wao katika eneo letu la Beni na Butembo. Magari mengi yalikuja na wageni wengi, na katika mitaa mingi watu waliwakataa. Mara nyingi waliosikilizwa ni wale waliokuwa wakijulikana tayari: mjumbe wa kamati, mshauri wa afya wa kijiji, mama wa kanisa. Imani ya namna hiyo haijengwi siku ya hatari. Mtu aliyetoa hesabu ya pampu ya maji mwaka uliopita, hadharani na bila kuficha, ndiye anayeweza kusema mwaka huu, "Jirani zangu, tunawe mikono," na watu wakanawa.

Upande mgumu nao upo, na anayekubali bila kuujua huumia.

Pesa ya kamati kwenye simu ni mtego. M-Pesa, Airtel Money au Orange Money hurahisisha mambo, lakini laini huandikwa kwa jina la mtu mmoja, na namba ya siri huwa kichwani mwake. Akisafiri, akiugua au akifa, pesa zimefungwa. Kubalianeni kwa maandishi kwamba kiasi kitakachokaa kwenye simu kitakuwa kidogo, na kila mwezi wajumbe wawili waone salio kwa macho yao. Sanduku nalo liwe na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wa nyumba tofauti.

Undugu ni mtego mwingine. Kamati inataka mabati ya shule, na shemeji yako anauza mabati. Huna haja ya kujiuzulu. Sema wazi, "Huyu ni shemeji yangu," toka nje wenzako wakilinganisha bei, na iandikwe kwamba ulitoka. Kwenye orodha za msaada kwa waliokimbia vita jambo hili lina uzito mkubwa zaidi, maana jina moja lililoingizwa kwa upendeleo ni familia moja iliyolala njaa. Orodha isomwe mbele ya watu kabla ya kupelekwa.

Na kuna usalama. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewakimbiza watu wa eneo hili mara kwa mara. Mwishoni mwa Novemba 2015 hata hospitali ya Eringeti ilishambuliwa. Kamati ya hapa haiwezi kujipanga kama vile kesho ni hakika. Amueni mapema nani ataondoka na daftari, na kila mwisho wa mkutano ukurasa upigwe picha, utumwe kwa mjumbe aliye Oicha au Beni. Lakini nasema kwa mkazo: daftari lisimfanye mtu yeyote arudi nyuma. Likipotea, litaandikwa upya kwa kumbukumbu za watu walio hai.

Kabla ya kusema ndiyo, omba kuona vitu vichache: katiba au kanuni, muhtasari wa mkutano wa mwisho, daftari la pesa. Uliza muhula ni wa miaka mingapi na nani anaweka sahihi. Uliza kama kamati ina madeni. Uliza pia kuhusu nauli. Kurudishiwa pesa ya pikipiki uliyotumia kwenda Oicha kwa kazi ya kamati si mshahara, mradi kuna karatasi. Wakikuambia, "Papa, hayo utayaona ukishaingia," ngoja kwanza. Na ikiwa wewe ni mama, usikubali kuwekwa kwenye kamati ili tu idadi ya wanawake ionekane. Omba kazi yenye jina: kasie, mwandishi, makamu.

Mwisho wa muhula una kazi yake. Wengi huondoka kwa kunyamaza, na hapo ndipo jina zuri la miaka mitatu huharibika kwa wiki moja. Itisheni makabidhiano mbele ya wanachama. Pesa zihesabiwe zikiwa mezani, dola mbali na franka. Vitu vya kamati visomwe kimoja kimoja: muhuri, viti, matanki, simu. Anayetoka na anayeingia waweke sahihi, kila mmoja abaki na nakala. Namba ya siri ya simu ibadilishwe palepale, na laini ihamishiwe jina la kasie mpya. Kisha mpe mrithi wako ufunguo wako, na umwambie ni wa kufuli ipi.