Kufundisha Usanifu Unaoiga Maumbile: Ya Kufanya na Kutofanya kwa Walimu wa Morogoro

Anza na jani la gimbi, si na ubao. Katika shule zilizo chini ya milima ya Uluguru hukosi mtoto ambaye kwao kuna magimbi kando ya kijito. Alete jani, mlimwagie maji. Tone linajiviringa kama gololi, linateremka na vumbi lote, jani linabaki kavu. Mwache aulize kwa nini. Hapo ndipo umweleze vinundu visivyoonekana kwa macho, na nta iliyovifunika. Ukitanguliza jibu, umeua somo.

Usiite kila kitu kuiga. Panya buku wanaofunzwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine wananusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Kazi yao inaokoa watu, lakini hapo mnyama anatumiwa, haigwi. Kuiga ni kuunda kifaa kinachonusa kwa kanuni ya pua yake. Mwanachuo asiyetofautisha haya mawili asipewe alama.

Usisimulie kichuguu usichokichunguza. Jengo la Eastgate la Harare, la mwaka 1996, hupoa bila viyoyozi vya kawaida, na msanifu wake, Mick Pearce, alijifunza kwa mchwa. Jengo linafanya kazi. Lakini uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa kichuguu hakivuti hewa kama dohani, kama ilivyodhaniwa, bali hupumua kwa misukosuko ya upepo, karibu kama pafu. Fundisha yote mawili, kosa na sahihisho lake.

Usimruke mkulima wa mlimani. Hili nalisisitiza kuliko yote. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru, wakulima wa milima hii, kuchimba matuta mapana ya ngazi. Udongo wa juu, ambao huko ni mwembamba, ukafukiwa. Wa chini usio na rutuba ukatokeza juu. Mwaka 1955 watu walikataa, ghasia zikazuka Matombo, na mtu mmoja akauawa. Wakati huohuo Waluguru walikuwa na vingazi vyao vyembamba, vinavyochongwa kwa jembe kukingama mteremko, magugu yakifukiwa humo yaoze. Wenye mlima walikuwa wameshausoma. Kwa hiyo mpandishe mwanafunzi wa uhandisi hadi shambani, ashike jembe, apime kingazi, amuulize mwenye shamba maji ya masika yanapita wapi. Amwite mwalimu, maana ndiye.

Fundi asiachwe nyuma. Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi kiko hapahapa Morogoro. Anayewaandaa walimu wa useremala awape shina la mwanzi walipasue, waone jinsi vifundo vinavyolizuia lisibonyee.

Usichume chochote ndani ya hifadhi ya Uluguru. Kuna viumbe wasiopatikana kwingine duniani, na maji ya mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam hutoka humo. Chukua daftari, penseli na lenzi. Chora mmea ukiwa umesimama, kisha uache hapohapo.