Njia ya Kufuzu: Kwa Nini Tiketi Moja kwa Kila Mkoa Haitoshi

Kijitabu cha elimu kwa viongozi wa klabu, walimu wa michezo na wazazi wa Bukene, wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora

Ngazi ni zile zile, njia ni mbalimbali

Klabu ya ridhaa ya Bukene ikitaka kufika Ligi Kuu, ngazi zake zinajulikana: ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, First League, Championship, ndipo Ligi Kuu yenyewe. Klabu ya Temeke nayo hupanda ngazi hizo hizo. Kwa kuwa ngazi zinafanana, wengi huamini mashindano ni ya haki, na timu ikitolewa jibu huwa fupi: haikuwa na uwezo. Kijitabu hiki kinatetea hoja tofauti. Haki ya mashindano ya kufuzu hupimwa kwa njia ambayo timu inapitishwa kabla ya kuifikia tiketi, hasa katika ngazi za chini ambako ndiko wengi wanakotolewa.

Tuutazame mkoa. Tabora ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 76,000, Dar es Salaam haifiki 1,400. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 3.4 Tabora, milioni 5.4 Dar es Salaam na milioni 1.15 Katavi. Pale inapofuatwa kanuni ya kupandisha bingwa mmoja kwa kila mkoa, Dar es Salaam hubanwa kwa wingi wa washindani na Tabora hubanwa kwa umbali. Timu ya Temeke inaweza kwenda kucheza ugenini kwa daladala na wachezaji wakalala kwao usiku huo huo. Timu ya Bukene ikipangiwa mechi Sikonge inahitaji gari la kukodi, chakula na pa kulala. Treni ya Tabora hadi Mwanza inapita Bukene, lakini mji wa Nzega hauko kwenye reli hiyo, wala Igunga, hivyo kwa mechi za huko haisaidii. Tatizo la wingi wa watu lilikwisha kutambuliwa: katika Kombe la Taifa, Ilala, Kinondoni na Temeke ziliwahi kuingia kila moja kama mkoa wake wa kisoka. Kama wingi wa watu unaweza kubadili mpangilio, umbali nao una haki ya kuhesabiwa.

Anayepanda ni timu au ni mchezaji?

Michezo ya shule inatufundisha jambo la pili. Katika UMITASHUMTA na UMISSETA, shule zinakutana, kisha wachezaji bora wanachaguliwa kuunda timu ya ngazi inayofuata, mpaka timu ya mkoa. Mwanafunzi wa Bukene ambaye shule yake imefungwa bado anaweza kuvaa jezi ya Tabora, mradi mchaguzi amemwona. Kenya wana utaratibu mwingine: katika michezo ya timu ya shule za sekondari, shule yenyewe ndiyo inayopanda, kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kanda na taifa. Ikitolewa, wote wanarudi nyumbani. Kanda za Kenya ni 8, nazo hazilingani: Nairobi ni kanda yenye kaunti 1, Bonde la Ufa lina kaunti 14. Njia ya kwanza inamlinda mwenye kipaji katika shule dhaifu, lakini inategemea macho na uadilifu wa wachaguzi. Njia ya pili haihitaji mchaguzi, ila mechi moja mbaya inaweza kumaliza kila kitu. Hakuna iliyo bora kwa kila hali. Kiongozi anatakiwa kujua iliyo mbele yake ina udhaifu gani, kisha auzibe.

Nchi tajiri nazo hazijaukwepa mgogoro huu wa kanda zisizolingana. Ligi ya tenisi ya ridhaa ya Marekani, inayoendeshwa na chama cha USTA, imeigawa nchi katika kanda 17. Florida ni jimbo moja lililo kanda peke yake. Kanda ya Kusini ina majimbo 9, hivyo timu zake hushindania ubingwa wa jimbo kwanza, kisha wa kanda, kabla ya kwenda taifani.

Majibu kwa wanaopinga

Wapo wanaosema mwenye uwezo atafika tu, njia iwe ndefu au fupi. Hesabu inakataa. Timu 16 zikicheza kwa mtoano, mechi ni 15 tu, na timu 8 zinaaga baada ya mechi moja. Timu hizo hizo zikigawanywa makundi manne ya timu nne, kila moja inacheza angalau mechi 3, nayo mashindano yote, pamoja na nusu fainali na fainali, yana mechi 27. Penalti moja ya utata, au kipa aliyechoka na safari, inaweza kuamua mechi moja. Ni vigumu zaidi iamue tatu.

Wengine wanasema tiketi zifuate wingi wa timu, mikoa midogo ipunguziwe. Kombe la Dunia la 2026 linaonyesha jinsi mgao ulivyo mgumu: Amerika Kusini, yenye wanachama 10, ilipewa nafasi 6 za moja kwa moja, Afrika, yenye wanachama 54, ilipewa 9. Ukifuata ubora peke yake, wengi wanabaki nje. Ukifuata idadi peke yake, kiwango kinalalamikiwa. Kwa mashindano ya ridhaa, ambayo kazi yake ni kutafuta vipaji nchi nzima, tiketi ya kila mkoa ibaki. Marekebisho yafanyike ndani ya mkoa.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama: mechi 27 zitalipiwa na nani? Jibu ni kituo. Timu zikikusanywa mahali pamoja kwa siku chache, safari zinakuwa moja ya kwenda na moja ya kurudi. Ndivyo fainali za kitaifa za michezo ya shule zinavyochezwa, na mwaka 2022 Tabora ilikuwa mwenyeji. Kituo kina kasoro yake: mwenyeji analala kwake na kushangiliwa na watu wake. Basi kizunguke. Msimu huu Nzega, ujao Bukene, unaofuata Itobo au Mambali.

Kabla ya mechi ya kwanza

Kiongozi wa klabu asilipe ada ya kushiriki kabla hajapata kanuni za mashindano kwa maandishi. Aangalie mambo manne: hatua ya kwanza ni makundi au mtoano, kituo kiko wapi na kimechaguliwaje, timu zikilingana pointi nini kinaamua, na rufaa inapelekwa kwa nani, ndani ya saa ngapi. Kisichoandikwa kiulizwe katika kikao cha viongozi, na jibu liingie kwenye muhtasari. Malalamiko yanayoletwa baada ya filimbi ya mwisho huonekana ni uchungu wa kufungwa. Swali lililoulizwa kabla ya ratiba kutoka linaweza kubadili ratiba yenyewe.